Ukishika Mkia: Mwongozo wa Mkimbiaji wa Nyuma

Tarehe 15 Septemba 2025, saa tisa na ushee za usiku kwa saa zetu, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros mwishoni mwa marathoni, uwanjani Tokyo, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wote wawili wakaandikiwa 2:09:48, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Kulipokucha, kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu na siwezi kuiacha namba ipite hivihivi, nikafanya hesabu: kwa kasi yangu ya marathoni, Simbu anapomaliza mimi ndiyo kwanza natimiza kilomita ya 15.

Mwongozo huu ni wa watu wa kilomita ya 15. Nimekimbia nusu marathoni nyingi, marathoni mbili, na mbio kadhaa za milimani. Muda wangu bora wa nusu ni saa 2 na dakika 51. Marathoni yangu ya haraka ilinichukua saa 6 na dakika 4, na ya pili sitaki kuizungumzia. Ushauri mwingi unaoandikwa kuhusu mbio ni wa kupunguza muda. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba walio mbele na sisi wa nyuma tunapita njia moja lakini hatukimbii mbio zilezile. Jua letu ni lingine, maji yetu ni mengine, hata barabara yenyewe hugeuka ikawa nyingine.

Wengi wetu tulijifunzia kukimbia kwenye mchakamchaka wa shule, na vikundi vya jogging vya Jumamosi vinaendeleza utaratibu uleule: wimbo mmoja, mwendo mmoja, hakuna anayeachwa. Ukishabandika namba kifuani, wimbo huo unakatika karibu na kilomita ya 3. Kuanzia hapo utasikia viatu vyako tu.

Kabla hujalipa

Usianze kuuliza medali ikoje wala fulana ya rangi gani. Uliza njia inafungwa saa ngapi. Kila mbio zina muda wa ukomo, hata zile zisizoutangaza, kwa sababu wa vituo vya maji huchoka, askari wa barabarani hurudi kwenye shughuli zao, na lori la kukusanya viti huwa limekodiwa kwa saa. Tovuti isiposema, piga simu. Ukijibiwa "hakuna shida, dada, wewe njoo tu", jua shida ipo.

Kisha piga hesabu. Ukipewa saa 3 kwa nusu marathoni ya kilomita 21.1, una dakika 8 na sekunde 32 kwa kila kilomita. Ukipewa saa 6 kwa kilomita 42.195, ni zilezile dakika 8 na sekunde 32, ila sasa unatakiwa kuzishikilia mara mbili ya urefu huo, na nusu ya pili haijali ulivyokimbia ya kwanza. Saa 7 zinakupa karibu dakika 10 kwa kilomita, mwendo ambao mtu huupata kwa kutembea haraka na kukimbia kwa zamu. Kumbuka pia kwamba ukomo kwa kawaida huhesabiwa tangu bastola ilipolia, hata kama chipu yako imevuka mstari baadaye. Penye watu maelfu, dakika kumi zinaweza kuisha ukiwa bado unasogea kuelekea mwanzo, na hakuna atakayekurudishia.

Afrika Kusini, kwenye Comrades, mbio za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, ukomo ni saa 12. Zikitimia, mtu husimama kwenye mstari wa mwisho akiwapa mgongo wakimbiaji na kufyatua bastola. Anageuka ili asione ni nani aliyebakiza hatua mbili. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya mtu.

Mazoezi ya mkimbiaji wa nyuma yapime kwa muda, usiyapime kwa kilomita. Ukitarajia kuwa barabarani saa 3, basi Jumamosi mbili tatu kabla ya siku yenyewe ukae juu ya miguu saa 2 na nusu, hata kama sehemu kubwa ni kutembea. Tena, usiyafanye yote alfajiri. Walio mbele hufanya mazoezi alfajiri na hushindana alfajiri, saa tatu wameshaoga. Wewe utakuwa njiani saa nne na saa tano, na mwili ambao haujawahi kukutana na jua la saa nne ukiwa unakimbia hautajifunza siku hiyo. Mimi mara moja kwa juma huanza saa tatu, natoka Morogoro mjini kwa njia ya Morningside, napanda polepole hadi nione bati za mji chini kabisa, halafu nageuka. Mara ya kwanza nilikaa kivulini dakika ishirini, na mama mmoja muuza ndizi akaniuliza nani ananifukuza.

Viatu vya mitumba si aibu. Nusu ya ninaokimbia nao tumevaa hivyo. Lakini usinunue kwa kuangalia juu. Kigeuze, bonyeza soli kwa kidole gumba kati ya kisigino na unyayo. Kama haibonyei kabisa, sponji imekufa na kiatu hicho ni cha kuendea sokoni. Angalia kisigino kimelika upande gani, maana mwenye kwanza ameacha mwendo wake humo ndani nawe utaurithi. Chukua kinachozidi nusu namba, kwa kuwa miguu huvimba, na ya mtu anayekimbia saa sita huvimba kuliko ya Simbu. Paka mafuta ya mgando kila penye kugusana: kwapani, mapajani, chini ya mkanda wa sidiria. Utakaposahau sehemu moja, utaijua bafuni jioni.

Barabarani

Mbio ninazozijua vizuri ni Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003 na ambazo huja mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Huo ndio msimu wa joto Moshi, kabla masika hayajaanza. Asubuhi mlima unaonekana wote, mweupe juu, na watu wanaupiga picha badala ya kwenda chooni. Nenda chooni kwanza. Mlima utauona tena mchana, kama mawingu yataruhusu, maana utakuwa bado upo barabarani.

Mwanzoni simama nyuma kwelikweli. Usiseme "nyuma kidogo". Ukisimama katikati, wimbi la vijana litakubeba kilomita ya kwanza kwa kasi isiyo yako, na utailipa kwa riba kwenye mpando wa Mweka. Marathoni kamili huanza na barabara kuu ya kwenda Dar, sehemu isiyo na mpando wa kutisha, unakwenda na kurudi ukijiona mwanariadha. Halafu inakatiza mjini na kuanza kupanda kwa karibu kilomita kumi, katikati ya migomba na kahawa, kuelekea Mweka, kule kilipo chuo cha wanyamapori. Hakuna mteremko wa kupumulia wa maana hadi mgeuzo. Waliotangulia watakuwa wanashuka upande wa pili wakikupungia mkono. Wapungie. Kisha tembea.

Ndiyo, tembea, na amua mapema utatembea wapi. Anayetembea kwa mpango huanza kabla ya kuchoka: nguzo mbili za umeme kwa mguu, nguzo nne kwa mbio. Anayetembea kwa kushindwa huanza akiwa amekwisha, na huyo mara nyingi hakimbii tena. Mimi siangalii saa kwenye mpando, naangalia nguzo. Saa hunikasirisha.

Wanakijiji watakuambia "pole, mama", na pole hiyo pokea, ni ya kweli. Watakuambia pia "bado kidogo". Hiyo usipokee. Katika nchi hii "bado kidogo" na "hapo tu mbele" havijawahi kuwa kipimo cha umbali, ni namna ya kumtia mtu moyo. Kwenye mpando ule niliambiwa bado kidogo na watu sita, na kati ya wa kwanza na wa sita zilipita kilomita nne.

Sasa maji. Katika mbio moja, ambazo sizitaji, nilifika kituo cha kilomita ya 16 nikakuta meza, vikombe vitupu, na mvulana mmoja aliyeniambia kwa huruma kwamba maji yalikuwepo. Tangu siku hiyo nabeba yangu: chupa ya nusu lita kwenye mkanda wa kiunoni, najaza popote ninapoyakuta. Nabeba pia noti ya shilingi elfu tano ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu maduka ya kando ya barabara hayaishiwi maji.

Ila kuna kosa la upande wa pili, nalo ni letu zaidi sisi wa nyuma. Mkimbiaji wa mbele hana muda wa kunywa sana. Sisi tunao muda wote wa dunia, na kila kituo kikiwa na maji tunakunywa vikombe viwili kwa adabu. Maji yakizidi sana, sodiamu kwenye damu hushuka: kichwa kinauma, unachefuka, unachanganyikiwa, na ukizidi unaweza kufa. Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wameshuka sodiamu. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani na wale waliotumia zaidi ya saa 4. Wewe na mimi tumo. Kwa hiyo kunywa kwa kiu, si kwa ratiba. Ukiona pete inabana kidoleni na tumbo linacheza kama ndoo, acha maji, tafuna kitu chenye chumvi, na ukichanganyikiwa tafuta watu wa huduma ya kwanza. Usiongeze kikombe kingine.

Chakula ni jambo dogo ukilifanyia mazoezi. Mimi hutumia tende na vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa kwa chumvi, nimevifunga kwenye foili. Jeli za pakiti zinauzwa ghali, na tumbo langu haliziamini. Usiku wa kuamkia mbio kula wali au ugali na kitu chepesi. Maharage na kande viache vipumzike, nawe pia.

Kisha kuna ile saa ambayo barabara inarudishwa kwa wenyewe. Dakika moja unakimbia katikati ya lami kama kiongozi wa nchi, dakika inayofuata bodaboda inakupigia honi. Hakuna atakayekutangazia. Ukiona koni zimeondolewa, hamia ukingo wa kulia ili magari yaje usoni mwako, toa spika za masikioni, na kwenye makutano usitegemee namba yako ya kifuani. Dereva wa daladala aliyesubiri tangu saa kumi na mbili hana mapenzi tena na riadha. Dakika utakazopoteza kwa kusimama zimeshapotea, achana nazo.

Jua pia utalibeba wewe. Kofia yenye ukingo, na kwa akina mama wenzangu, kipande cha kanga kilicholoweshwa shingoni hufanya kazi kuliko vifaa vingi nilivyouziwa. Kikikauka, kiloweshe tena.

Milimani

Milimani kushika mkia kuna raha yake, na kuna hatari zake. Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wakimbiaji wa lami hujidanganya. Anayemaliza nusu marathoni kwa saa 3 mjini hudhani kilomita 21 za mlimani zitamchukua labda 4. Mwaka 1892 Mskoti aitwaye William Naismith aliacha kanuni ambayo wapanda milima huitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, na ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua njia ya kilomita 21 yenye mita 1,200 za kupanda. Hiyo ni saa 4 na dakika 12, kisha saa 2, jumla saa 6 na dakika 12. Ni kanuni ya mtembeaji mwenye afya, hivyo ukimaliza chini ya hapo umekimbia, hata kama hukumbuki ni wapi. Uliza mita za kupanda kabla ya kuuliza kilomita. Mwandaaji asiyezijua hajaipima njia yake.

Kuna mbio zilizo katikati ya lami na mlima, na bora ya kuanzia ni Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, zinazokimbiwa mwezi Juni ndani ya hifadhi tangu mwaka 2000. Njia ni ya vumbi, kwenye kimo cha karibu mita 1,700, mzunguko mmoja ni nusu marathoni na miwili ni kamili. Askari wa hifadhi wenye bunduki hulinda njia, na helikopta huruka juu kuwasogeza wanyama. Ushauri wangu kwa mkimbiaji wa nyuma ni mfupi: jiandikishe mzunguko mmoja. Wengi hukimbia nusu, kwa hiyo mzunguko wa pili ni wa upweke, jua limeshapanda, na twiga walioonekana wazuri asubuhi huwa hawana jipya. Anayeishi pwani afike siku mbili tatu mapema akiweza, na siku yenyewe asishangae akihema mapema.

Kwenye njia za msituni zenyewe, kama za Usambara ama Uluguru, jua kwamba unapita pale ambapo mamia wameshapita. Kilichokuwa udongo asubuhi kimekuwa utelezi. Tafuta kiatu chenye meno soli nzima. Cha lami kitakuangusha kwenye kona ya kwanza. Kushuka ndiko kunakoumiza: hatua fupi, magoti yamelegea, macho mita tatu mbele na si kwenye vidole. Kupanda, weka viganja juu ya mapaja na usukume. Hata mabingwa wa milimani hutembea kwenye miinuko mikali, kwa hiyo hapa, kwa mara moja, tunafanana nao.

Alama za njia huwa ni utepe uliofungwa matawini. Utepe ni mzuri, una rangi, na watoto wa kijiji wanaupenda. Saa tatu baada ya mkimbiaji wa kwanza, baadhi utakuwa umeshafungwa kwenye nywele au baiskeli. Kanuni yangu: nikitembea dakika tano bila kuona alama, nasimama, narudi hadi alama ya mwisho niliyoiona kwa macho yangu, na naanza upya. Kurudi nyuma kunauma, lakini siku niliyokataa kurudi niliishia kwenye shamba la kabichi la mzee mmoja. Alinipa maji na akanisindikiza hadi njia kuu, akinisomea somo refu kuhusu watu wazima wanaokimbia ovyo milimani. Nikasema, "Shikamoo, babu," nikaendelea na mbio.

Beba filimbi, koti jepesi la mvua, na simu yenye chaji iliyozimwa intaneti. Nyuma ya namba yako andika jina na simu ya mtu wa nyumbani, na dawa usiyopatana nayo kama ipo. Ukitaka kufunga kamba ya kiatu, tazama chini kabla ya kuinama. Mimi nilipiga goti juu ya msafara wa siafu, na kilomita mbili zilizofuata ndizo za kasi zaidi nilizowahi kukimbia mlimani.

Nyuma yako kabisa kutakuwa na watu wawili wanaofunga msafara, wakikusanya alama na walioishiwa nguvu. Wageni wa mbio huwakimbia kama polisi. Wasubiri, wasalimie, waulize majina. Wana maji, wanaijua njia, na ukiwa wa mwisho wanalazimika kwenda mwendo wako. Katika mbio bora nilizowahi kukimbia, nilizungumza na mmoja wao saa mbili nzima kuhusu bei ya karafuu.

Ukifika

Watu wakinicheka kwa kushika mkia huwatajia John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki Mexico mwaka 1968, goti limeteguka na limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde. Kisha nikajifunza kuacha kumtaja. Muda wake siku ile ulikuwa 3:25:27, katika mji ulio mita 2,240 juu ya bahari. Mimi mwenye magoti mawili mazima, Moshi, nilikuwa bado sijafika Mweka. Mzee yule si mwenzetu.

Ukivuka mstari, usikae chini. Tembea dakika kumi, kunywa kidogo, kula chenye chumvi, vaa kitu kikavu. Medali zikiwa zimekwisha, na wakati mwingine huwa zimekwisha, onyesha namba yako mezani, waandike simu yako, na umpigie mwandaaji Jumatatu asubuhi kabla hajazisahau. Kama turubai limeshashushwa na saa kubwa imezimwa, piga picha ya saa yako mwenyewe. Hiyo ndiyo risiti.

Kama unarudi nyumbani kwa basi siku hiyohiyo, usikubali kiti cha dirishani. Omba cha ukingoni upate kunyoosha miguu kwenye njia, na shuka kila basi linaposimama, hata kama hununui kitu. Ukifika kituoni kwako, magoti yatakataa ngazi. Shika chuma kwa mikono miwili, geuka, ushuke kinyumenyume kama mtu anayeshuka mnazi. Konda atasema, "Mama, haraka, tunaondoka." Mwambie bado kidogo.